Namna ya Kusoma na Kupima Miamba Iliyokunjwa na Kugeuzwa katika Ukanda wa Msumbiji

Milima ya Upare, Usambara, Ukaguru na Uluguru nchini Tanzania, pamoja na vilima vya Taita nchini Kenya, imesimama juu ya miamba ambayo zamani ilikuwa kwenye mizizi ya safu kubwa ya milima iliyokwisha kulika na kutoweka. Mwaka 1951 mwanajiolojia Mwingereza Arthur Holmes aliipa miamba hiyo jina la Ukanda wa Msumbiji. Siku hizi ukanda huo huhesabiwa kuwa sehemu ya kusini ya Orojeni ya Afrika Mashariki (orojeni ni ukanda wa milima uliotokana na mabara kugongana), ambayo inatoka Bara Arabu hadi Msumbiji na kuendelea, na ambayo iliumbwa wakati vipande vya bara la kale la Gondwana vilipogongana kati ya takriban miaka milioni 650 na 550 iliyopita. Urefu wa milima tunayoiona leo hautokani na mgongano huo. Ulitokana na mipasuko iliyokuja baadaye sana na kuinua vipande vya ardhi, na kwa sababu hiyo umbo la mlima halitoshi kutuambia miamba ilikunjwa vipi. Jibu linapatikana ndani ya mwamba wenyewe.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa jiolojia, fundi wa utafiti wa madini, au mchimbaji mwenye leseni anayetaka kuelewa ni kwa nini mwamba wenye vito hupotea ghafla na kuibuka tena hatua kadhaa mbele. Msimamo unaouongoza ni mmoja: katika miamba ya namna hii, uhusiano kati ya vitu una uzito kuliko majina ya vitu. Kipi kimekata kipi, kipi kimekizunguka kipi, na kipi kilikunjwa pamoja na kipi, ndiyo maswali yanayotoa historia. Majina ya miamba yanaweza kusahihishwa maabara, lakini uhusiano usioandikwa ukiwa mbele ya mwamba haurejeshwi na maabara yoyote.

Maandalizi

Panga kazi kati ya Juni na Septemba, wakati mito imepungua na nyasi zimekauka, kwa kuwa mwamba safi kuliko wote hupatikana kwenye vitanda vya mito. Baada ya mito, maeneo bora ni kingo za barabara zilizochongwa mlimani, kama ile inayopanda kutoka Mombo kupitia Soni hadi Lushoto, ila pembezoni mwa barabara ya namna hiyo mtu mmoja lazima aangalie magari muda wote. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, iliyoko Dodoma, hutunza ramani za jiolojia za robo digrii; nyingi za zamani zilichapwa kwa kipimio cha 1:125,000. Isome ramani ya eneo lako pamoja na picha za setilaiti kabla ya kuondoka, ukitafuta migongo mirefu ya vilima inayopinda, kwani kwatzaiti, yaani mwamba mgumu wa kwatzi, na marumaru mara nyingi hujichora zenyewe juu ya uso wa ardhi na kukuonyesha mkunjo mkubwa ambao huwezi kuuona ukiwa umesimama juu yake.

Ripoti kwa mtendaji wa kijiji kabla ya kugonga jiwe la kwanza, pata kibali ikiwa eneo limo ndani ya hifadhi ya msitu, na usichukue sampuli ndani ya leseni ya mtu mwingine bila ridhaa yake.

Vifaa vinavyohitajika ni dira yenye kipima mwinamo, nyundo, miwani ya kukinga macho, lenzi ya kukuza mara kumi, burashi ngumu, chupa ya maji, daftari lenye karatasi imara, penseli, na kichupa kidogo cha asidi hafifu ya haidrokloriki kwa ajili ya kutambua marumaru. Kuhusu dira kuna jambo la kuzingatia. Dira iliyosawazishwa kwa matumizi ya Ulaya au Amerika Kaskazini haitulii vizuri kwetu, kwa sababu Tanzania iko kusini mwa ikweta ya sumaku, hivyo ncha ya kusini ya sindano huvutwa chini na sindano inaweza kukwama kwenye kioo. Sogeza kizito kidogo kilichofungwa kwenye sindano mpaka ilale sawa. Weka nyundo na simu mbali unapopima, na ukiona sindano inayumba karibu na mwamba mweusi wenye magnetaiti, rudi hatua kadhaa na upime mwelekeo kwa kulenga kwa jicho.

Hatua ya kwanza: hakikisha kuwa mwamba uko mahali pake

Kwenye miteremko ya Uluguru na Usambara kuna majabali makubwa kama nyumba ambayo yalibingirika kutoka juu. Kipimo kilichochukuliwa kwenye jabali la namna hiyo kinapotosha ramani nzima, na ubaya wake ni kwamba kinaonekana sahihi kabisa daftarini. Chunguza kama kuna udongo chini ya jiwe, zunguka upande wa pili, kisha linganisha mpangilio wake na wa mawe ya jirani. Mawe matatu yaliyo mbalimbali yakiwa na mwinamo unaokaribiana, unaweza kuyaamini. Yakitofautiana bila mpangilio, andika tu aina ya mwamba na uache kupima.

Hatua ya pili: safisha, tazama, kisha toa jina la muda

Osha uso wa mwamba kwa maji na burashi, uondoe kuvumwani na vumbi. Tazama kwanza uso uliochakaa, kwa sababu mvua hula madini kwa viwango tofauti na kuchonga muundo ambao uso mpya huuficha. Ndipo umegue kipande na kutazama uso mpya kwa lenzi. Kwatzi ni ya kijivu na hung'aa kama kioo. Feldispa ni nyeupe au ya waridi na hupasuka kwa mabapa. Ganeti ni nyekundu, ya mviringo. Ulanga huchubuka kwa kucha katika vigamba vinavyometa. Kinywe, yaani grafiti, huchafua vidole. Marumaru ya kalisaiti huchemka mara moja kwa asidi, lakini marumaru ya dolomaiti huchemka vizuri baada ya kukwaruzwa na kuwa unga.

Kwa taarifa hizo unaweza kuandika majina kama naisi (mwamba wenye milia) yenye ganeti, shisti (mwamba wenye vigamba vingi) ya kinywe, amfiboliti (mwamba mweusi wenye hornblendi), kwatzaiti au marumaru. Ukikuta mwamba mzito wa kijani-kijivu ambao feldispa yake inang'aa kama iliyopakwa mafuta, huku ulanga ukiwa haba au haupo kabisa, huenda umefika kwenye granulaiti, mwamba uliopikwa kwa joto kali kiasi cha kupoteza karibu maji yake yote. Usitumie muda mwingi mno kwenye majina.

Hatua ya tatu: foliesheni, na swali la tabaka la asili

Karibu kila mwamba wa ukanda huu una mabapa sambamba yanayojirudia: vigamba vya ulanga vimelala upande mmoja, punje za kwatzi zimebanwa zikawa bapa, na milia ya rangi nyeupe na nyeusi inafuatana. Ubapa huo ndio foliesheni. Kosa linalofanywa mara nyingi kuliko yote ni kuichukulia milia hiyo kuwa tabaka za mashapo zilizotandikwa baharini. Milia ya naisi inaweza kutokana na madini kutengana wakati wa joto, na myeyuko wa sehemu ya mwamba ukaacha mishipa myeupe, na mishipa ya graniti iliyopenya ikabanwa hadi ikalala sambamba na kila kitu kilichoizunguka. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohusiana na bahari.

Tabaka la asili linaweza kukisiwa pale ambapo aina mbili za miamba zisizoweza kutokana na chanzo kimoja zinapakana kwa umbali mrefu, kama vile marumaru iliyo kando ya kwatzaiti au shisti ya kinywe. Hata hapo jihadhari. Ubano ukiwa mkali, mikunjo ya kwanza hubanwa mpaka mbavu zake, yaani pande zake mbili, zinalala sambamba, na viwiko vyake, yaani sehemu zinazopinda, vinabaki kama vipande vidogo vya umbo la herufi V vilivyotawanyika ndani ya foliesheni. Tafuta vipande hivyo kwa subira kwenye uso uliokata foliesheni. Ukikipata hata kimoja, umethibitisha kwamba milia unayoipima ni mpangilio mpya uliokula ule wa zamani, na kwamba mfuatano wa miamba kutoka chini kwenda juu hauwezi kuchukuliwa kuwa mfuatano wa umri.

Kupima kwenyewe kunahitaji namba mbili: mwinamo, yaani pembe kati ya bapa na usawa wa ardhi, na upande ambao bapa linainamia. Andika, kwa mfano, 42/095, maana yake bapa linainama nyuzi 42 kuelekea mashariki, kusini kidogo. Mwinamo uwe na tarakimu mbili na upande uwe na tarakimu tatu daima, ili namba hizo zisibadilishane nafasi zinaponakiliwa. Uso wenye mawimbi ulalishie ubao mwembamba au jalada la daftari, kisha upime juu yake. Chukua vipimo vitano au sita kwenye mwamba mmoja, kwa sababu tofauti kati ya vipimo hivyo nayo ni taarifa: ikiwa inageuka kwa utaratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine, umesimama kwenye mkunjo.

Ipe foliesheni ya zamani zaidi unayoitambua alama S1, inayofuata S2, na kuendelea, huku S0 ikihifadhiwa kwa tabaka la asili lililothibitishwa. Alama hizo ni za mwamba huo tu mpaka uthibitishe kwamba S1 ya hapa ndiyo S1 ya kilima kinachofuata.

Hatua ya nne: mistari iliyo juu ya foliesheni

Geuza jiwe ili mwanga uanguke kwa mshazari juu ya uso wa foliesheni. Mara nyingi utaona mistari sambamba: hornblendi nyeusi zimeelekea upande mmoja kama sindano, nyuzi nyeupe za silimanaiti, au kwatzi iliyovutwa ikawa utepe. Hiyo ni mistari ya mnyumbuko, na inaonyesha upande ambao mwamba ulivutwa. Pima mzamo wake, yaani pembe ya kushuka, na mwelekeo inakozamia. Tofautisha mistari hiyo na mikwaruzo inayong'aa kwenye nyuso za mipasuko, ambayo hutokea mwamba ukiwa baridi na mgumu, na pia na mistari inayopatikana pale mabapa mawili yanapokutana, ambayo haihusiani na upande wa mvuto.

Ukikuta mwamba wenye mistari iliyo dhahiri na foliesheni hafifu, uandike hivyo hivyo, kwa sababu mwamba uliovutwa kwa urefu na ule uliobanwa bapa vimepitia mambo tofauti.

Hatua ya tano: upande wa mtelezo

Hapa ndipo panapostahili muda mwingi. Mara nyingi mwamba haukubanwa tu. Sehemu yake ya juu iliteleza juu ya sehemu ya chini, mfano wa karata zilizopangwa kisha zikasukumwa kwa kiganja. Tunataka kujua sehemu ya juu ilikwenda wapi. Jibu linaonekana kwenye uso mmoja tu: ule unaokata foliesheni kwa pembe mraba na wakati huohuo ulio sambamba na mistari ya mnyumbuko. Ukitazama uso mwingine wowote, maumbo utakayoyaona yanaweza kuwa ya kuvutia na ya uongo. Tafuta uso huo kwa mwamba wenyewe. Usipokuwepo, chukua sampuli iliyochorwa mwelekeo ili ikakatwe maabara.

Ukishaupata, tafuta macho ya feldispa, yaani punje kubwa zilizozungukwa na madini madogo. Jicho lililopitia mtelezo huwa na mikia miwili isiyolingana kwa kimo. Mkia unaoanzia juu ya jicho huelekea upande ambao sehemu ya juu ya mwamba ilikwenda, na ule unaoanzia chini huelekea upande wa pili. Tafuta pia jozi ya mabapa: moja ni ya ubano, lililolala mshazari, na jingine ni nyembamba, kali, lililo sambamba na mipaka ya ukanda wa mtelezo. Mabapa ya mshazari huegemea upande wa mwendo. Vigamba vya ulanga vyenye umbo la samaki navyo husaidia. Mikunjo midogo isiyolingana, kwa upande mwingine, ni shahidi dhaifu, kwa sababu inaweza kuwa imetokana na nafasi yake kwenye mkunjo mkubwa.

Usitosheke na shahidi mmoja. Hesabu yote unayoyaona, yanayokubaliana na yanayopingana, na uandike hesabu zote mbili. Uwiano ukikaribia nusu kwa nusu, huenda mwamba ulibanwa bila kuteleza sana, na hayo nayo ni matokeo. Kisha unganisha na dira: ikiwa foliesheni inainama mashariki, mistari inazama mashariki, na sehemu ya juu imekwenda magharibi, basi kipande cha juu kilipandishwa juu ya cha chini, jinsi inavyotokea mabara yanapogongana. Kwa mashariki mwa Tanzania, tafsiri inayokubaliwa na wengi ni kwamba granulaiti za milima ya mashariki zilisukumwa kuelekea magharibi, upande wa Kratoni ya Tanzania, yaani kiini cha kale na imara cha bara. Usiipeleke tafsiri hiyo kwenye daftari lako kabla ya ushahidi. Mpimaji aliyekwisha kuamua jibu huona mikia anayoitaka.

Kuna tahadhari mbili zaidi. Ya kwanza ni kwamba granulaiti, baada ya kuteleza, ilikaa katika joto kwa muda mrefu, na punje zake zikakua upya na kuwa na pande zilizolingana, kiasi kwamba dalili nyingi za mtelezo zilifutika. Ukosefu wa dalili katika mwamba huo haumaanishi kwamba mwamba haukusogea. Ya pili ni kwamba ukanda wa mtelezo ukikunjwa baadaye, upande wa mwendo huonekana kinyume kwenye ubavu wa pili uliopinduka. Kwa hiyo usitoe hukumu kabla ya kuelewa mikunjo.

Hatua ya sita: mikunjo

Kwa kila mkunjo pima mambo matatu: mbavu zote mbili, mhimili wake, ambao ni mstari unaofuata kiwiko, na bapa la mhimili, ambalo ndilo linaloukata mkunjo katikati. Ukiweza, simama ukitazama upande unakozamia mhimili, kisha uchore mkunjo kama unavyouona. Mikunjo midogo yenye umbo la herufi Z hupatikana kwenye ubavu wa kushoto wa tao kubwa, yenye umbo la S kwenye ubavu wa kulia, na yenye umbo la M karibu na kiwiko. Kwa kutembea ukiandika Z, Z, M, S, unaweza kuupata mkunjo wa kilomita nzima bila kuuona, na hata mahali ambapo mwamba umefunikwa na mashamba.

Kinachokunjwa ndicho kinachotupa mpangilio wa wakati. Mkunjo unaopinda tabaka peke yake, huku foliesheni ikiwa sambamba na bapa la mhimili, ulitokea pamoja na foliesheni hiyo. Mkunjo unaopinda foliesheni yenyewe ni wa baadaye. Mistari ya mnyumbuko ikizunguka kiwiko, mkunjo umeikuta ipo. Pale mikunjo ya vizazi viwili inapopandana, uso wa mwamba huonyesha michoro ya ajabu, ambayo mwanajiolojia Mwingereza John Ramsay aliipanga katika makundi miaka ya 1960: ipo ya kuba na mabeseni yanayopishana, ipo ya umbo la mwezi mwandamo au uyoga, na ipo ya kulabu. Mtu asiyeijua michoro hiyo akikuta duara la marumaru katikati ya naisi huweza kudhani ni mwamba uliopenya kutoka chini. Chora, piga picha pamoja na kitu cha kuonyesha ukubwa, na uandike picha ilielekezwa upande gani.

Hatua ya saba: mishipa, budini na umri

Tabaka gumu lililolazwa ndani ya laini, kama amfiboliti ndani ya marumaru, likivutwa hukatika vipande vinavyotengana, na nafasi kati yake hujazwa na kwatzi au na madini mengine yaliyobebwa na maji ya moto. Vipande hivyo ni budini. Kwa mchimbaji, hili si jambo la vitabuni. Huko Merelani, mkoani Manyara, ambako tanzanaiti iligunduliwa mwaka 1967, vito hivyo hutoka katika naisi ya kinywe, na mifuko yake hufuatana na budini pamoja na viwiko vya mikunjo. Ukipima mhimili wa budini na mzamo wake, umepata mwelekeo ambao mfuko unaweza kuendelea, badala ya kuchimba kwa kubahatisha. Katika Taita, ganeti ya kijani iitwayo tsavoraiti nayo hutoka katika miamba ya kinywe iliyokunjwa, na hesabu ni ileile.

Pegmataiti, yaani mishipa ya graniti yenye punje kubwa, ni saa nzuri kuliko zote. Mshipa unaokata foliesheni bila kupindika ni mdogo kwa umri kuliko foliesheni hiyo. Uliokunjwa au kukatwa kuwa budini ulikuwepo kabla ya mwisho wa mgeuko, yaani kubanwa na kukunjwa kwa mwamba. Ukipata yote miwili katika mwamba mmoja, chukua sampuli ya kila mmoja, kwa kuwa zikoni, yaani punje ndogo za madini magumu, zilizomo ndani yake zinaweza kupimwa kwa urani na risasi, na tukio la mgeuko likafungwa kati ya tarehe mbili. Sampuli ya zikoni isiyo na mchoro wa uhusiano wake na foliesheni hutoa umri wa zikoni tu.

Hatua ya nane: madini kama kipimajoto

Kayanaiti, silimanaiti na andalusaiti zina kemia ileile moja, lakini kila moja hutulia katika hali yake, na hali hizo tatu hukutana karibu na nyuzijoto 500 za Selsiasi na mgandamizo wa takriban kilobaa 4. Andika ni ipi umeiona na imekaa vipi: imelala ndani ya foliesheni, imeikata, au imekunjwa nayo?

Ganeti inahitaji uangalifu wa pekee. Foliesheni ikiizunguka kwa kujipinda, ganeti ilitangulia. Ikiwa ndani yake kuna mstari wa punje ndogo ulionyooka lakini usiolingana na foliesheni ya nje, ganeti imehifadhi foliesheni ya zamani iliyofutika kwingineko. Ikiwa mstari huo umejizungusha, ganeti ilikua mtelezo ukiendelea. Mengi ya haya yanahitaji hadubini, ila lenzi hutosha kukuambia ni jiwe lipi linalostahili kubebwa.

Katika granulaiti za Upare, Usambara na Uluguru, vipimo vya kemia ya madini vimetoa joto la karibu nyuzi 800 na mgandamizo wa kama kilobaa 10, sawa na kina cha takriban kilomita 35, na kilele cha joto hilo kilikuwa kama miaka milioni 640 hadi 620 iliyopita. Ganeti nyingi huko ni pete nyembamba zilizomea kati ya piroksini na feldispa, dalili kwamba miamba ilipoa ikiwa bado katika kina kirefu badala ya kuinuliwa haraka. Kwa hiyo ukiona pete nyekundu, usiandike "ganeti" tu. Andika iko kati ya nini na nini.

Magharibi zaidi mambo hubadilika. Katika ukanda wa Usagara, kilima cha Yalumba kina eklojaiti (miamba iliyopikwa chini ya mgandamizo mkubwa sana) za takriban miaka bilioni 2, ambazo ni miongoni mwa za zamani zaidi zinazojulikana duniani, na kilima cha Mautia karibu na Kongwa ndipo yalipotambuliwa madini ya zambarau yaitwayo yoderaiti mwaka 1959. Pia kuna naisi za zaidi ya miaka bilioni 2.5 ambazo zilipikwa upya ndani ya Ukanda wa Msumbiji. Naisi mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kupishana umri kwa karibu miaka bilioni mbili, na hakuna mpimaji anayeweza kukisia umri huo kwa rangi.

Hatua ya tisa: ramani, stereoneti na mkato

Hamishia vipimo kwenye ramani jioni ileile, kumbukumbu ikiwa bado mbichi. Programu ya Stereonet iliyotungwa na Richard Allmendinger wa Chuo Kikuu cha Cornell hutolewa bure, sawa na QGIS kwa ajili ya ramani. Weka kwenye stereoneti, yaani mchoro wa duara unaoonyesha mielekeo ya mabapa na mistari, nguzo za foliesheni, yaani mistari iliyo wima kwa kila bapa. Zikikusanyika mahali pamoja, foliesheni haikukunjwa sana. Zikijipanga kwenye mshipi mmoja, mstari ulio wima kwa mshipi huo ndio mhimili wa mkunjo mkubwa, na unapaswa kukaribiana na mihimili ya mikunjo midogo uliyopima kwa mkono. Zikitawanyika ovyo, gawanya eneo katika vipande na urudie kila kimoja peke yake kabla ya kusema kwamba data ni mbaya.

Mkato wa ardhi, yaani mchoro wa ardhi kama iliyokatwa wima ikatazamwa ubavuni, uchorwe wima kwa mhimili wa mkunjo kadiri inavyowezekana. Pale mstari wa mkato usipokwenda moja kwa moja upande wa mwinamo, mwinamo unaochorwa huwa mdogo kuliko ule wa kweli: tanjiti (tan) yake ni tanjiti ya mwinamo wa kweli ikizidishwa kwa saini (sin) ya pembe iliyopo kati ya mkato na mlalo wa bapa, yaani mstari wa usawa uliolala juu ya bapa. Bapa la nyuzi 50 likikatwa kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka kwenye mlalo wake huonekana kuwa na nyuzi 31 tu, tofauti inayoweza kumfanya mchimbaji akose mwamba kwa makumi ya mita. Unene nao hupatikana kwa kuzidisha upana wa tabaka juu ya ardhi tambarare kwa saini ya mwinamo, hivyo marumaru yenye upana wa mita 400 kwenye ardhi tambarare na mwinamo wa nyuzi 30 ina unene wa mita 200. Huo ni unene wa leo. Kwenye kiwiko tabaka hunenepa na kwenye ubavu hukonda, na marumaru hutiririka kuliko miamba mingine, kwa hiyo usiuite unene wa awali.

Mipasuko ya baadaye, ile yenye mawe yaliyosagika, kloraiti ya kijani na nyuso zenye mikwaruzo, ichorwe mwisho, kwa rangi yake, kwa sababu inakata kila kitu kilichotangulia.

Mkato ukikamilika, tafuta juu yake mahali patatu ambapo unatabiri mwamba fulani ujitokeze lakini hujawahi kufika, mathalani ubavu wa pili wa marumaru kwenye kijito kilicho nyuma ya kilima. Nenda huko. Ukiikuta marumaru ikiwa na mwinamo uliotarajiwa, chora mstari imara. Ukikuta naisi, rudi kwenye stereoneti na ubadilishe umbo la mkunjo mpaka likubaliane na vipimo vyote, na pale ambapo hapana mwamba wa kuthibitisha, mstari ubaki wa nukta nukta.